Pampu, Makaa na Chungu

Mwaka wa uhuru, mwalimu mmoja Mbelgiji, mama wa makamo aliyekuwa akishonewa nguo na papa, kama tunavyomwita baba kwetu, alifika barazani kwetu na kamyoneti, gari dogo la mizigo. Nyuma ya kamyoneti kulikuwa na akwarium: sanduku la kioo lenye fremu ya chuma, mchanga ukiwa bado ndani, na majani ya majini yamelala juu ya mchanga kama nywele zilizolowa. Samaki walikuwa kwenye ndoo, wadogo, wenye mapezi marefu na migongo inayobadilika rangi mwanga ukiipiga. Mama huyo alikuwa anaondoka Kisangani juma lile, kama Wazungu wengi, na hakuona wa kumwachia.

"Hawa wanatoka hapa hapa," alimwambia papa kwa Kiswahili chake cha taratibu. "Kwenye vijito vya nyuma ya Lubunga. Majani pia. Mimi niliwakusanya tu."

Papa yangu alikuwa fundi cherehani, Mwislamu wa zile familia zilizofika na misafara ya biashara enzi za babu wa babu, mtu wa kanzu safi na maneno machache. Mpaka leo sijui kwa nini alikubali. Nadhani alishindwa kumkatalia mtu aliyekuwa anafunga mizigo.

Pamoja na kioo, yule mama aliacha kasha la vifaa vya kuchuja maji. Kulikuwa na kijisanduku cha plastiki cha kusimamisha pembeni, kinachojazwa pamba na makaa. Kulikuwa na sahani pana yenye matundu, ya kulazwa chini ya mchanga ili maji yachujwe na mchanga wenyewe. Na kulikuwa na pampu ya umeme ya kusukuma hewa, nyeusi, nzito, yenye mlio kama wa nyuki aliyefungiwa kwenye chupa. Pampu ilikuwa moja, kwa hiyo ilibidi iunganishwe ama na kijisanduku ama na sahani.

"Chagua kimoja," alisema. "Halafu uwe unaangalia majani. Yakichukia, badilisha."

Siku hizo nilikuwa nimeolewa karibuni tu, na ndoa yangu ilikuwa imeleta ukimya nyumbani. Mume wangu alikuwa karani wa reli upande wa Lubunga, ng'ambo ya mto, pale treni ya Ubundu inapoanzia safari. Alikuwa Mkristo, mtoto wa Wagenya, wavuvi wa kwenye maporomoko. Papa hakunifukuza wala hakupiga kelele. Hakuja arusini, basi. Tulipokwenda kumsalimia Jumapili alimpa mume wangu mkono, akamwonyesha benchi, akarudi kwenye cherehani yake. Mazungumzo yao yalianza kwa "Habari ya kazi?" na kuishia kwa "Muzuri, papa."

Akwarium ndiyo iliyowafanya wabishane, nami nilifurahi kusikia hata ubishi.

Papa alichagua kijisanduku cha pembeni na kufungulia pampu kwa nguvu zake zote. Mapovu yalipanda kama kwenye sufuria inayochemka. Wateja waliokuja kupimwa suruali walisimama kuangalia, na papa, ambaye hakuwa mtu wa kujionyesha, alijifanya hawaoni. Mume wangu alikaa kwenye benchi lake Jumapili kadhaa akitazama. Kisha siku moja akashindwa kunyamaza.

"Papa, ile pompe iko na nguvu mingi."

"Iko na nguvu, njo maana maji iko safi."

"Lakini haya majani haitoke kwa maporomoko. Inatoka kwa kijito, fasi maji inatembea polepole. Ona pale. Mizizi inang'oka."

Papa aliendelea kukanyaga cherehani. "Wewe unajua mbisi ya kula," alisema, akiwaelekezea samaki kidevu. "Hii ni mbisi ya kuangalia."

"Mbisi ni mbisi, papa."

Niliinamisha kichwa, nikingoja lifuatalo. Cherehani ilinyamaza. Papa aligeuza kigoda chake, na kwa mara ya kwanza tangu nilipoolewa alimtazama mume wangu usoni kama mtu anayetaka jibu.

"Alors, wewe ungetia nini?"

Mume wangu akaeleza. Kwao, mto ukijaa na maji kuwa mekundu, mama yake huchuja maji ya kunywa kwenye chungu kilichotobolewa tundu dogo chini: changarawe kwanza, halafu makaa yaliyopondwa, halafu mchanga wa mto uliooshwa vizuri. Chungu kama hicho kingeweza kuwekwa juu ya akwarium, maji yakachotwa kutoka kwenye kioo na kurudishwa tone kwa tone. Hakihitaji umeme. Hakitatoa uchafu wote, alisema, na haifai utoke wote, kwa sababu uchafu kidogo ndio chakula cha majani.

"Chungu juu ya kioo," papa alisema. "Batu watasema nimefungua jiko hapa."

Tuliporudi Jumapili nyingine tulikuta ameondoa kijisanduku na kulaza ile sahani chini ya mchanga. Haikusaidia. Mizizi iliingia kwenye matundu, majani yakaanza kuwa na rangi ya njano pembeni, na papa akalazimika kufukua kila kitu na kurudisha kijisanduku. Lakini safari hii alikuwa amefunga uzi wa kushonea kwenye ule mpira mwembamba unaopeleka hewa, akaukaza mpaka mapovu yakapungua na maji yakatulia. Mume wangu aliuona ule uzi. Hakusema lolote, na papa naye hakumwambia kwamba alikuwa amemsikia.

Tulikwenda hivyo miaka michache. Mjini mambo hayakutulia: leo serikali hii, kesho nyingine, mara chumvi haipatikani, mara vitambaa. Pampu iliendelea kunguruma barazani, maana umeme wa maporomoko ya Tshopo ulikuwa bado unafika. Nikisema kweli, mimi mwenyewe nilianza kupenda kukaa mbele ya kile kioo. Nje kila mtu alikuwa anazungumza siasa. Mle ndani samaki mmoja alipita nyuma ya jani, akatokea upande wa pili, na hakuna aliyemuuliza alikotoka.

Kisha uasi ukaingia mjini. Watu waliofanya kazi za ofisini, waliojua Kifaransa na kuvaa tai, wakawa wanatafutwa. Majirani zetu wawili walichukuliwa na hawakurudi. Mume wangu alizika viatu vyake vya kazini nyuma ya nyumba, akavaa kaptula iliyochanika, akaenda kujificha kwa tonton wake, mdogo wa baba yake, kwenye vibanda vya wavuvi. Huko alivuta nyavu pamoja na wengine kama mtu asiyejua kuandika jina lake. Mimi nilirudi kwa papa.

Walikuja kwetu asubuhi moja, vijana wenye bunduki na mikuki, wamejifunga majani vichwani. Walitaka kujua kama kuna mwanaume aliyefanya kazi ya serikali. Papa aliwaonyesha cherehani. Walikuwa wanatoka, na nafikiri yangeishia hapo, ila mmoja wao alisimama na kutega sikio.

"Nini njo inalia?"

Akafuata sauti mpaka kwenye pampu. Aliona waya unaoingia ukutani, akaona mpira mwembamba unaoingia majini. "Phonie," akasema. Wakati ule neno hilo lilikuwa linaua. Phonie ni ile redio ya kupeleka habari mbali, na aliyekutwa nayo alihesabiwa mtu wa adui.

"Haiko phonie, mwanangu," papa alisema. "Inapeleka hewa kwa mbisi."

"Mbisi inakosa hewa? Mbisi iko ndani ya maji." Wenzake wakacheka, na kicheko chao kilikuwa kibaya kuliko bunduki. Walichomoa pampu pamoja na mpira wake, wakamvua papa kofia yake, wakaondoka na vyote, naye pia. Mmoja alimpiga kwa kitako cha bunduki sikioni wakiwa bado mlangoni.

Nilikwenda kwa mume wangu moja kwa moja, kwa miguu, kitenge kimenilegea na sikukumbuka kukifunga. Nilimkuta juu ya miamba akitengeneza mtego. Nilipomaliza kueleza, tonton wake alisema kwamba niende mimi mwenyewe nikawaombe, kwa kuwa mwanamke huenda wangemsikiliza. Mume wangu alitikisa kichwa.

"Maneno haitatosha. Inafaa waone mashini inafanya kazi."

"Ninajua kuifunga," nikamwambia. "Wewe ukienda, mutu moja tu akikujua, utakufa."

"Ni papa yako. Nikibaki hapa, nitamuangalia na macho gani?"

Tulipitia nyumbani kuchukua vifaa, kisha tukaenda kwenye nyumba ya mfanyabiashara aliyekimbia, walimowaweka watu waliokamatwa. Mume wangu alibeba ndoo yenye maji na samaki wetu wanne. Mimi nilibeba kijisanduku, pamba na makaa. Alikuwa peku, kifua wazi, ananuka mto, na alipozungumza na walinzi alitumia Kiswahili kizito cha wavuvi, bila neno hata moja la Kifaransa. Mimi nilitembea nyuma yake nikiomba asijisahau.

Mkubwa wao alikuwa mtu mzima, mwenye uso uliochoka. Pampu ilikuwa mezani mbele yake. Papa alikuwa ameketi sakafuni kwenye kona, damu imekauka shingoni. Tulipoingia hakuinua uso.

"Wewe nani?" yule mkubwa aliuliza.

"Muvuvi. Njo mimi namuletea mbisi ule muzee. Naomba kuonyesha kazi ya ile kitu."

"Na kama inalia kwa maadui?"

"Basi niko hapa."

Mume wangu alichomeka waya. Pampu ikaanza kunguruma, na vijana wawili wakarudi nyuma. Mume wangu akatia makaa, akatia pamba, akasimamisha kijisanduku ndani ya ndoo, akaunganisha mpira. Nilikuwa nimesahau kwamba uzi wa papa ulikuwa bado umefungwa pale. Kwa muda hakuna kilichotokea. Kisha povu moja likapanda, likapasuka juu, la pili likafuata, na kijisanduku kikaanza kuvuta uchafu wa ndoo polepole kuingia kwenye pamba. Yule mkubwa aliinama mpaka pua yake ikakaribia maji. Alitumbukiza kidole, samaki mmoja akakigusa.

"Ni hii tu?"

"Ni hii tu."

Hakuomba radhi wala hakuuliza zaidi. Alisema tumchukue mzee wetu na kwamba ndoo, kila kilichomo na pampu vitabaki. Tulipokuwa tunatoka alikuwa anamtuma mtu atafute makombo ya chikwangue, ule mkate wa muhogo, awape samaki.

Njiani papa aliegemea bega la mume wangu kwa sababu hakuweza kutembea sawa. Sikio lililopigwa halikusikia tena mpaka alipokufa. Tulipofika nyumbani na kumlaza, mume wangu alisimama ili arudi kwenye vibanda.

"Kaa hapa," papa alisema. "Kule walikuona sura. Watakutafuta kwa wavuvi, haiko kwa washonaji."

Akaniambia nifungue sanduku lake. Nilitoa kanzu na kofia ya pili, na mume wangu akavaa. Kwa miezi yote iliyobaki ya uasi alikaa kwenye cherehani ya akiba akipiga pindo za mashuka, na aliyeuliza alijibiwa na papa kwamba huyu ni mtoto wake. Pindo zake zilikuwa za ovyo. Papa alizifumua akazishona upya bila kulalamika.

Akwarium ilikuwa inaharibika. Bila pampu maji yalikuwa yameingia ukungu, na samaki waliobaki walikuja juu kuvuta hewa. Papa, akiwa bado kwenye mkeka, alinyoosha kidole.

"Bon. Tuone ile chungu yako."

Walikitengeneza pamoja, mmoja akitoboa na mwingine akishika. Mimi niliosha mchanga mpaka maji yakatoka meupe. Tulikiweka juu ya kioo, kwenye kipande cha ubao chenye tundu, na kila asubuhi papa alichota maji ya kwenye kioo kwa kikombe, akayamimina chunguni, akakaa kusikiliza kwa sikio lake zima yakidondoka. Ukungu haukuondoka mara moja. Tulipoteza samaki wengine wawili, na papa alikuwa karibu kukata tamaa. Lakini majani yalikaza mizizi, yakaanza kutoa machipukizi ambayo hatukuwahi kuyaona wakati wa pampu, na maji yakasafika. Baadaye niliona vitu vyembamba kama kope vikitembea kati ya majani. Vilikuwa vitoto vya samaki. Mume wangu alisema huenda siku zote walizaa, ila kile kijisanduku kiliwavuta watoto wakiwa bado hawana nguvu.

Nimefikiri mara nyingi kuhusu hilo. Tulikuwa tumechagua maji meupe kabisa, na hatukujua yalikuwa yanachukua nini.

Wanajeshi wa serikali waliporudi mjini kulikuwa na risasi na mabomu, nasi tulilala chini ya meza ya kukatia nguo. Kioo kilipata ufa upande mmoja, tukaendelea na nusu ya maji. Baada ya muda reli ilifunguliwa, na mume wangu akavua kanzu na kurudi Lubunga. Pampu nyingine zilianza kupatikana madukani. Papa hakununua.

Mwanzo wa kiangazi papa aliniambia anataka kwenda kumsalimia mama mkwe wangu, ambaye hakuwahi kuonana naye. Tulimpeleka. Alikanyaga miamba kwa shida, kanzu ikilowa mpaka magotini, na yule mama akaja kumshika mkono. Alituwekea liboke, samaki waliopikwa ndani ya majani, na lituma ya moto, ndizi zilizopondwa. Papa alikula, akanawa, kisha akamuuliza anatumia makaa ya mti gani kwenye chungu chake. Mama akataja mti. Papa akasema ya kwake yanakuwa unga upesi. Wakaendelea hivyo, papa akigeuza sikio lake zima upande wa mama kwa sababu ya kelele za maji, mpaka mume wangu akaniambia tuwaache, akanipeleka kwa jirani kutafuta mapera.