Maua ya Mama na Balozi wa Nyumba Kumi

Balozi aliyeamuru maua ya mama yang'olewe, leo kaja kuyaomba!

Ngojeni niwasimulie.

Wiki iliyopita balozi wetu wa nyumba kumi alisimama kwenye maharage yetu akafoka: "Ardhi ya kijiji cha ujamaa ni ya chakula. Nikirudi nisiyakute haya maua!"

Mama akamweleza kwamba yanafukuza wadudu wa maharage. Wapi! Hakusikia.

Mama naye hakung'oa hata moja.

Leo asubuhi, huyo anakuja. Nikamwamkia shikamoo. Mama kasimama mbele ya tuta, kisu mkononi.

Balozi akavua kofia.

"Mama Stela, mkuu wa wilaya anakuja leo kutoka Sumbawanga. Hatuna hata ua la kumpokelea."

Ungekuwa wewe, ungempa?

Mama akakata yaliyochanua tu, machanga akayaacha. Akaondoa majani ya chini, akayasimamisha kwenye ndoo ya maji, kivulini.

"Yasipigwe jua mpaka mgeni afike," akamwambia.

Mgeni kafika alasiri, maua bado mabichi kabisa.

"Mazuri haya! Ni ya nani?"

"Ya kijiji, ndugu mkuu," balozi akadakia.

Jamani! Mama akajitokeza mbele ya watu wote.

"Ni kweli, ya kijiji. Na kesho zamu ya kuyamwagilia ni ya balozi."



Mkuu akamgeukia balozi.

"Unaanza saa ngapi?"