Clone za avocado zilininyima kazi ya Parklands

Wakuu, niaje. Hii sitaiongeza chumvi, vile ilivyo tu inauma vya kutosha.

Mimi ni wa Waithaka. Ofisi yetu ya town ilifungwa mwaka jana, na tangu hapo nimetembeza CV mpaka soli za viatu zikaisha. Juzi shule moja ya private huko Parklands ikaniita interview ya kufunza watoto coding, ile ya kupanga blocks za amri kwa laptop. Mamangu alifurahi mpaka akaambia kanisa nzima.

Task ilikuwa moja kwa kila mtu: ingia class, jenga game mbele ya watoto, headteacher akiwa amekaa nyuma.

Nikachagua avocado zinaanguka, unazidaka na kikapu.

Hapo huchori avocado mia. Unachora moja, program inatoa clone, yaani nakala zake. Nikapanga hivi: ukibonyeza spacebar, message "anguka" inatumwa. Avocado ikiisikia inatoa clone. Clone ikifika chini inajifuta.

Nyumbani nilikuwa nimejaribu mpaka nikachoka. Safi kabisa. Sema mimi ni mtu wa pole, nilikuwa nangoja ifike chini ndio nabonyeza tena.

Watoto hawangojangi, jameni!

Msichana wa mbele akagonga spacebar mara nane, tisa, mbio mbio. Avocado mbili, nne, nane... screen ikajaa, laptop ikaanza kukwama. Class ikapiga nduru. Mimi jasho tu.

Sasa hapo ndio nilijimaliza mwenyewe. Niligeukia headteacher nikasema, "Madam, hizi laptop zenu ni za zamani."

Akaandika kitu. "Sawa, mwalimu. Asante."

Kosa nililiona nikiwa nimekaa kwa bench town, tai bado iko shingoni. Clone inabeba kila kitu cha ile avocado ya kwanza, hata amri zake. Ukituma message mara ya pili, ya kwanza inasikia, clone pia inasikia, na kila moja inatoa ingine. Laptop haikuwa na shida yoyote. Ningeambia kikapu, chenye kiko kimoja tu, ndio kitoe clone, kwisha maneno.

Nikampigia Madam kuomba msamaha. Alinisikiza kwa upole, na hiyo ndio iliniua kabisa.

Akasema, "Yule tumechukua, game yake pia ilijaa hivyo hivyo. Lakini aliambia watoto, 'Hata mimi sijui, hebu tutafute.'"

Wakuu, hapo ndio nilijiona. Kumbe niliogopa kuonekana sijui mbele ya watoto wa miaka tisa, nikasingizia laptop.

Nimejifunza kusema sijui. Imenisaidia nini sasa?

Kama uliwahi kuharibu interview na mdomo wako, weka yako hapa nisijione peke yangu. Na mnishauri, tafadhali. Mama sijamwambia kazi nilikosa. Jumapili anataka nisimame kanisani nitoe shukrani, na shati ashaipiga pasi.