Dobi aliyembatiza mtoto wa mdogo wake kwa siri

Jua ndiyo kwanza linagusa kichwa cha ukuta, na Mama Shuka ameshajaza mabeseni yote. Anafunga pembe mbili za shuka kwenye nguzo ya chuma, anashika pembe mbili zilizobaki, anarudi nyuma mpaka shuka inakazika, kisha anaanza kuizungusha. Maji yanachuruzika kwenye saruji. Nguzo haizunguki, kwa hiyo anazungusha yeye peke yake, na mikono inachoka kabla maji hayajaisha.

"Kazi hii ni ya watu wawili," anasema bila kugeuka. "Mmoja anazungusha huku, mwenzake anazungusha kule. Sasa mimi mwenzangu ndiye huyu," anaongeza, na kuipiga nguzo kofi.

Ng'ambo ya ukuta inasikika sauti ya maji mengine yakichuruzika kwenye saruji nyingine. Huyo ni mdogo wake. Naye ni dobi, naye amefunga shuka zake kwenye nguzo. Mwaka wa nne huu dada hawa wawili, waliozaliwa tumbo moja na kurithi uwanja mmoja, hawasemezani.

Ungedhani wamegombania mali au mwanamume. Majirani nao walidhani hivyo, na wengine waliudhika walipoambiwa ukweli, kwa sababu waliona ni jambo la kusemwa na wachungaji waliovaa tai, si na wanawake wenye sabuni mpaka viwikoni. Walichogombania ni hiki: Yesu ni nani? Ni Mungu, mmoja katika Utatu, au ni Mwana aliyetumwa na Mungu aliye mmoja peke yake?

Mama Shuka ana umri wa miaka hamsini na sita. Jina hilo alipewa na mtaa, kwa kuwa tangu ujana wake anafua shuka za nyumba za wageni. Mama yao, aliyewalea peke yake, ndiye aliyewafundisha: sabuni kwanza, kusuuza mara tatu, bluu kidogo kwenye maji ya mwisho. Amemzidi mdogo wake kwa miaka kumi na mbili.

"Huyo nimembeba mgongoni mimi," anasema. "Mama akifua, mimi namfunga kwa kanga naanika. Akilia namwimbia nyimbo za kanisani, ndizo nilizokuwa nazijua."

Walikua katika kanisa moja, wakakaa benchi moja. Kila asubuhi kabla ya kugusa maji walisali pamoja, kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Kisha mteja mmoja akamwalika mdogo mtu kwenye kikundi kidogo kinachokutana katika chumba cha kupanga, juu ya duka la vipuri. Huko hawaimbi sana. Wanasoma Maandiko na kuulizana maswali.

Maswali hayo yaliletwa uwanjani siku ya pili yake.

"Tulikuwa tumeshika shuka, yeye huku, mimi huku," anakumbuka Mama Shuka. "Akaniambia, dada, Yesu alipokuwa akiomba, alikuwa anamwomba nani? Nikamwambia, Baba. Akasema, sasa Mungu anamwomba Mungu? Nikamwambia, kamua shuka."

Anacheka kidogo anapolisema hilo. Ndiyo mara pekee aliyocheka kwa mazungumzo yote.

Walibishana hivyo kwa karibu miaka kumi, na kazi ikaendelea. Mdogo mtu akisema kwamba aliyetumwa hawezi kuwa yuleyule aliyemtuma. Dada mtu akijibu kwamba kama Yesu si Mungu, basi hawezi kumwokoa mtu, maana kiumbe mwenziwe atamwokoa na nini. Wakati mwingine walizungusha shuka kwa hasira mpaka ikapasuka, wakailipa. Meneja wa nyumba ya wageni aliwaambia wanaweza kubishana mpaka parapanda ilie, mradi shuka ziwe zimekauka saa nane mchana.

"Mimi Utatu siwezi kuueleza," anakiri Mama Shuka. "Hata mchungaji akiueleza anatoka jasho. Lakini nimesali hivyo tangu sijui kusema vizuri. Ukiniondolea hilo, sijui nikipiga magoti nimwite nani."

Uwanjani hapo alikuwepo pia mtoto, binti pekee wa mdogo wake. Baba yake aliondoka mapema na hakurudi. Mama Shuka hakujaliwa mtoto, na huyu alimlea kama wake. Ndiye aliyemshikia vibanio vya nguo, ndiye aliyelala chumbani kwake nusu ya siku za wiki. Alipofika umri wa miaka minane uso wake ulianza kuvimba asubuhi. Madaktari walisema ni figo, na kwamba walikuwa wamechelewa kuletewa.

Wiki ya tatu wodini, muuguzi aliwaambia akina dada hao wajiandae.

Hapo ndipo mabishano ya uwanjani yalipogeuka kitu kingine. Mtoto hakuwa amebatizwa. Kikundi cha mama yake hakibatizi watoto. Kinangoja mtu akue, aelewe, aamue mwenyewe, na hata hapo hakimbatizi kwa majina yale matatu. Kanisa la Mama Shuka, kwa upande wake, linamruhusu muumini yeyote kumbatiza mtu aliye karibu kufa, ikiwa mchungaji hayupo. Maji kidogo na maneno yale yanatosha.

"Niliogopa," anasema. "Sikuwa nafikiria kumkomoa mtu. Nilikuwa namwangalia mtoto anapumua, nawaza, akienda hivi hivi, itakuwaje?"

Alasiri moja mdogo wake alishuka chini kutafuta chai. Mama Shuka alichukua kikombe cha plastiki kilichokuwa juu ya kabati la kitanda, akammwagia mtoto maji utosini mara tatu, akatamka maneno. Akamfuta kwa upindo wa kanga. Mama yake aliporudi, alikuta nywele za mwanawe zina unyevunyevu, akaambiwa ni kwa ajili ya joto.

Mtoto alifariki siku mbili baadaye.

Kosa ambalo halijasameheka halikutokea wodini. Lilitokea siku ya maziko, na lilifanywa kwa nia ya kufariji. Mdogo mtu alikuwa amekaa chini mkekani, hana nguvu hata ya kulia, na dada yake akainama, akamnong'oneza: Usiumie sana mdogo wangu. Mtoto yuko salama. Nilimbatiza. Alikuwa amelala, hakusumbuka.

"Nilidhani atapumua," anasema Mama Shuka. "Mimi mwenyewe ndilo jambo pekee lililokuwa likinifanya nipumue. Nikasema nimgawie."

Mdogo wake aliinuka pale mkekani, akamuuliza swali moja, akatoka, akaenda kukaa upande wa wanaume. Mwezi haukuisha akaleta mafundi. Uwanja aliouacha mama yao ukagawanywa kwa matofali, urefu wa kupita kichwa cha mtu, na kila mmoja akabaki na bomba lake na kamba zake. Sasa wakianika, kila mmoja anaziona shuka za mwenziwe zikipepea, lakini uso hauonekani.

Kazi nayo imepungua. Mtu mmoja hawezi kukamua na kukausha kwa kasi ya wawili, na nyumba mbili za wageni zimehamia kwa mwenye mashine. Kila mmoja anapata chini ya nusu ya alichokuwa akipata zamani. Bega la kulia la Mama Shuka haliinuki vizuri. Majirani wanasema la mdogo wake ni la kushoto.

Mdogo mtu alikubali kuzungumza na gazeti hili akiwa upande wake wa ukuta, huku akipiga pasi. Ni mwembamba, anasema polepole, na hakuonyesha hasira.

"Watu wanadhani nimenuna kwa sababu ya dini," alisema. "Kwani dada akiamini Utatu mimi nafanywa nini? Mama yetu alikufa anaamini hivyo, nikamshika mkono. Sikumwambia kitu."

Aliitazama pasi, akapuliza majivu.

"Mimi nina swali moja tu, nililomuuliza siku ile ya maziko na hajanijibu mpaka leo. Kasema mtoto yuko salama kwa sababu ya maji yake. Sawa. Na bila maji yale? Mwanangu, aliyekuwa anasali kila usiku na mimi, Mungu angemfanya nini? Kama angempokea tu, basi yale maji yalikuwa ya nini? Na kama asingempokea, basi dada anipe jibu hilo akiniangalia machoni."

Alipoulizwa angependa dada yake ajibu vipi, alifikiri mpaka akasahau pasi, ikabidi ainyanyue haraka.

"Sijui," alisema. "Nataka tu asije na aya. Kila mtu alinijia na aya. Watu wa kanisa lake walikuja na za kwao, wa kikundi changu wakaja na za kwao, wakabishana sebuleni kwangu, arobaini ya mtoto haijafika. Mimi ndiye niliyewapa chai."

Swali hilo lilipofikishwa kwa Mama Shuka, alikaa juu ya beseni alilolipindua na kujifuta mikono, ingawa ilikuwa mikavu. Alieleza kwamba kwa miaka yote hii amekuwa akitafuta jibu. Amemwendea mchungaji mara tatu. Mchungaji alimwambia alitenda vyema, na asiwe na wasiwasi. Mzee mmoja wa kanisa akamwambia Mungu hafungwi na maji, mtoto angepokelewa tu.

"Sasa huyu ananiambia nilitenda vyema, yule ananiambia haikuwa lazima," alisema. "Nami nikirudi nyumbani namsikia mwenzangu anafua."

Kisha akasema jambo ambalo hakuna aliyekuwa amemuuliza.

"Mtoto hakuwa amelala."

Ng'ambo ya ukuta bomba lilikuwa limefungwa.

"Nimewaambia watu wote alikuwa amelala. Nimemwambia mchungaji, nimemwambia mama yake. Alikuwa macho. Aliniona na kikombe, akaniuliza, Mama Mkubwa, unataka kunifanya nini? Nikamwambia, nataka kukubatiza. Alikuwa anajua maana yake, si wamemkuza kwenye mabishano yetu? Akaniuliza, Mama amekubali?"

Sauti yake haikubadilika, ila machozi yalikuwa yanatoka na hakuyafuta.

"Nikamwambia, amekubali. Basi, akafumba macho mwenyewe ili maji yasimwingie."

Hilo, anasema, ndilo linalomwamsha, wala si Utatu. Imani yake haijayumba; bado anamwamini Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu, na Jumapili bado anakaa benchi lilelile. Lakini kila anapofika kwenye majina hayo matatu, anasema, anamwona mtoto akifumba macho kwa kumwamini yeye, na yeye alikuwa amemdanganya. Kuhusu swali la mdogo wake, jibu alilonalo ni fupi. "Sijui mtoto angefanywa nini. Nilifanya kama mtu anayejua, na sikuwa najua. Nilikuwa naogopa tu."

Alikuwa na ombi moja kwa gazeti hili: habari isitoke kabla yeye hajazungumza na mdogo wake kwa kinywa chake. Alisema atakwenda Jumapili mchana, atazunguka nje kupitia barabarani, kwa kuwa ukuta hauna mlango. Hatabeba Maandiko. Alisema akifukuzwa atarudi nyumbani, lakini atakuwa amelisema. Mwandishi alikubali kungoja.

Jumatatu asubuhi simu ililia chumba cha habari.

"Andikeni," alisema Mama Shuka. "Nimemwambia yote."

Alieleza kwamba mdogo wake alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni, bila kumkaribisha ndani. Aliposikia kwamba mtoto alikuwa macho, alishika fremu ya mlango. Aliposikia swali ambalo mtoto aliuliza, na jibu alilopewa, alitazama barabarani kwa muda mrefu, mpaka Mama Shuka akageuka aondoke.

"Akaniita, dada. Ndiyo mara ya kwanza kuniita tangu maziko. Akaniuliza kama yale maji yalikuwa ya baridi."

Kisha akaeleza jibu alilompa.

"Nikamwambia hapana. Niliyachanganya na maji ya moto yaliyokuwa kwenye themosi, yakawa ya uvuguvugu. Hilo halikuwa uongo. Basi akaingia ndani, akaacha mlango wazi. Nilisimama pale nje, sikujua kama nimeruhusiwa. Sikuingia."

Jumapili hii anakusudia kwenda tena. Akiukuta mlango umeachwa wazi, anasema, ataingia.