Kuku Niliyemchomea Mama Mkwe

Mama mkwe alipotutembelea Lushoto kutoka Gare, nilijitapa kwamba mke wangu apumzike, kuku nitamchoma mwenyewe. Nina jiko jipya linalomzungusha kuku lenyewe, na moto wake unakula vidonge vya maranda yaliyoshindiliwa. Basi vidonge vikaisha, kuku hajaiva. Kurudi kwenye mkaa mbele ya mkwe? Thubutu! Nikakimbilia kwa fundi seremala, nikazoa vibanzi bila hata kuuliza ni vya mti gani.

Kuku akaiva, akang'aa. Nikamtengea mama paja. Akanusa, akatabasamu, kisha akajifunika khanga kichwani na kuinamia sahani, kama mtu anayejifukiza majani ya mkaratusi.

"Asante, mkwe wangu," sauti ikatoka ndani ya khanga. "Haya mafua yamenitesa tangu Gare."