Nilichagua Nyumba kwa Maji

Wizara iliponihamishia Dodoma, mke wangu alinifungia begi huku akisema jambo moja tu: "Ukipata nyumba, tutakuja. Kwenye chumba hatuji." Manzese tulikuwa watu watano katika vyumba viwili vya kupanga, watoto watatu wakilala kwenye godoro moja. Niliona ana haki. Nikapanda basi na begi, mkeka na daftari kubwa lenye jalada gumu, nikiwa na hakika kwamba kabla ya mwaka kwisha tutakuwa tumekaa pamoja.

Nilikuwa karani wa masjala. Shule yangu iliishia darasa la saba. Mengine nilijifundisha kwa vitabu vya maktaba, kwanza utunzaji wa kumbukumbu, kisha upimaji wa ardhi, kisha uashi, bila mtu yeyote kunituma. Masjala humfundisha mtu kwamba kila jalada lina mahali pake, na lisipoonekana ni kwa sababu kuna aliyeruka utaratibu. Niliamini hata nyumba hupatikana hivyo. Sikuwa na fedha za kukosea. Nilikuwa na akiba yangu ya miaka mingi na bei ya shamba la urithi nililouza kwetu Tabora, na zikiisha hizo hakuna nyingine.

Hiyo ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru. Bidhaa zilikuwa zimerudi madukani, na kila aliyeweza kutandika turubai chini aliuza kitu. Mke wangu naye alikuwa ameanza kuuza mitumba mbele ya mlango wetu kule Manzese. Nililiona kama jambo la kupita, la kujazia mshahara mpaka hali itengemae.

Nilipanga chumba Majengo, karibu na soko. Mama mwenye nyumba na wanawe walikula uani, na kila jioni nilipopita na ndoo yangu waliniambia karibu. Nilijibu nimeshakula, ijapokuwa chakula changu kilikuwa bado hakijapikwa. Ni vigumu kueleza kwa nini nilijibu hivyo. Nadhani niliogopa kuizoea familia ya watu.

Maji ya kisima cha pale yalikuwa na chumvi. Sabuni ilikataa kutoa povu. Chai ilitoka nyeusi, na ikipoa iliweka utando juu. Ukitia maziwa, yalikatika. Nilimwandikia mke wangu habari hizo kama kichekesho. Alijibu kwa barua fupi, kama zilivyokuwa barua zake zote: "Chai ya chumvi mimi siiwezi. Tafuta penye maji. Na barabara iko umbali gani na hizo nyumba unazoziona? Watu wanapita?"

Nililishika neno la maji. Hayo mengine nilidhani nimeyaelewa. Manzese watu walipita mlangoni kwetu tangu alfajiri, wengine wakisimama kuongea hadi uji unapoa, nami nililalamika miaka yote. Nikafurahi kuona kwamba mke wangu naye ameanza kutamani utulivu.

Katika daftari nilitenga kurasa kwa kila mtaa. Niliandika kama nyumba ina ofa, yaani barua ya serikali ya kumpa mtu kiwanja, maana nyumba isiyo na ofa inaweza kuamka siku moja imechorwa alama nyekundu ya kubomolewa ukutani. Niliandika udongo, kama ni ule unaopasuka kiangazi na kupasua ukuta nao. Niliandika hatua za kwenda shule, nikizipima kwa mwendo wa mtoto wangu wa mwisho, hatua fupi. Mwisho maji. Kila Jumapili nilichukua chupa, nikaomba maji kwenye nyumba niliyoiona, nikabandika plasta yenye jina la mtaa. Jioni niliyachemsha kwa jiko la mafuta ya taa, sufuria ileile, kijiko kimoja cha majani yaleyale, bila sukari. Ndivyo nilivyokunywa, peke yangu kitandani kwa kuwa kiti sikuwa nacho, chai ya Nkuhungu, chai ya Kizota, chai ya Ihumwa.

Mwenzangu katika safari hizo alikuwa tarishi wa ofisini kwetu. Yeye alikuwa Mgogo wa Ihumwa na mimi Mnyamwezi, kwa hiyo tulikuwa watani, na mtani hana sababu ya kukuonea huruma. Tulipokuwa tukifuata reli kwenda kwao kuangalia nyumba ya ndugu yake, aliitazama chupa yangu.

"Babu zako walipita hapa na mizigo ya watu kichwani, wakatuomba maji. Leo umerudi na chupa. Kiu yenu haiishi?"

"Na babu zako waliwatoza hongo ya njia ndipo wanywe," nikamjibu.

"Ndiyo maana leo nakutoza soda tu. Tumestaarabika."

Nyumba ya ndugu yake ilikuwa na kiwanja kikubwa na bei ndogo, lakini haikuwa na ofa, na maji yalifuatwa mbali. Shule nilihesabu hatua mpaka nikachoka. Niliifuta kwa mstari wa rula. Mtani wangu aliniangalia nikipiga mstari ule.

"Unatafuta nyumba au unatafuta dawa?" akauliza.

Jumapili nyingine alinipeleka Kizota. Ilikuwa nyumba ya vyumba vitatu vya kulala na kimoja cha mbele kilichotazama barabara, katikati ya karakana ya kuchomelea mageti na mashine ya kusaga. Ofa ilikuwapo. Bei ingeniachia fedha za kupaka rangi. Wanawake walikuwa wamepanga foleni na ndoo za mahindi, wenye magari wamekaa kwenye matairi wakisubiri mafundi, na tulilazimika kuongea kwa kupaza sauti.

"Hapa mkeo atauza hata mchanga," mtani akasema.

"Hajaniambia anataka kuuza mchanga."

"Umemuuliza?"

"Nimemwandikia kila wiki."

"Sikusema kuandika. Nimesema kuuliza."

Jioni ile chai ya Kizota iliweka utando mzito. Niliandika: kelele, vumbi la chuma, watu wengi, maji mabaya. Rula.

Maswali ya mke wangu hayakukoma. Soko liko wapi? Majirani wanafanya kazi gani? Mshahara wao unatoka lini? Nilimjibu yote kwa hatua na dakika, na nilijivunia usahihi wa majibu yangu. Sikumwuliza hata mara moja kwa nini anataka kujua.

Mwaka ulikwisha. Mwaka wa pili, baada ya mvua, nilisikia habari za nyumba Miyuji. Mwenye nyumba alikuwa mjane, mtu wa ukoo wa wafanyabiashara wa zamani wa mjini. Nilimkuta akichambua mchele kwenye ungo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mwenye chupa?"

Habari zangu zilikuwa zimenitangulia. Alinionyesha vyumba vinne, stoo, jiko la nje, na bomba uani. Ukuta haukuwa na ufa. Mbegu za mpapai alizotupa uani zilikuwa zimeota zenyewe. Ofa aliitoa chini ya godoro, imekunjwa mara nne. Kutoka barabara kubwa nilikuwa nimehesabu hatua mia nane, na katika hatua hizo nilikutana na kuku tu.

"Mkeo yuko wapi?" akauliza.

"Dar es Salaam."

"Aje aione."

"Nimemwandikia kila kitu, bibi."

"Mimi nakwambia kasoro yake, usije kunilaumu. Hodi ya mwisho kuisikia mlangoni hapa ilikuwa Idi. Na aliyebisha alikuwa amepotea njia. Ndiyo maana nahamia kwa mwanangu."

Nilicheka kwa adabu. Kwenye daftari nikaandika "utulivu" nikaupigia mstari chini mara mbili. Jioni nilichemsha maji yake. Chai ilitoka nyekundu, angavu, ningeweza kuona chini ya kikombe. Nilitia maziwa, hayakukatika. Nilikaa na kikombe kile mpaka kikapoa, na kwa mara ya kwanza tangu nifike Dodoma niliwaona watoto wangu waziwazi, kila mmoja kwenye chumba chake.

Mjane alikuwa na mteja mwingine aliyekuwa akija Jumatatu. Sikungoja barua iende na kurudi. Tulikwenda kwa mjumbe wa nyumba kumi, nikatia sahihi, na mtani wangu akawa shahidi. Aliandika jina lake polepole bila kunitania, na hilo lilipaswa kunishtua.

Nilihamia. Nilipaka chokaa, nikanunua vitanda vitatu na viti vitano, nikaviweka viti kuizunguka meza. Utulivu wa nyumba ile ulikuwa mzito kidogo. Nilikula nikitazama viti vinne. Nikaandika: "Nyumba ipo. Njooni."

Walikuja shule zilipofungwa. Watoto walikuwa wamerefuka. Yule niliyempimia hatua fupi alinifika kifuani. Mke wangu aliingia chumba hadi chumba, akagusa kuta. "Kubwa," alisema. Nikampikia chai kwa mkono wangu. Alikunywa vikombe viwili, akasema, "Kweli umetafuta." Nilitaka maneno yale tangu siku ya basi.

Asubuhi ya pili alibeba kiti kimoja kati ya vile vitano, akakiweka nje getini, akakaa akitazama njia. Nilidhani anapunga upepo. Nilikwenda kununua mkate, nikarudi, akawa bado yupo. Saa sita aliingia ndani.

"Wamepita watu watano," alisema. "Wawili ni wewe, ukienda na ukirudi."

Akaketi mezani.

"Baba watoto, mkubwa anaingia sekondari. Unajua ada imetoka wapi?"

"Nilituma."

"Ulituma ya sare. Ada ni mitumba. Na kodi ya Manzese miaka miwili hii, mitumba. Nilikuuliza barabara, ukanijibu hatua mia nane. Hesabu nzuri sana. Nani atatembea hatua mia nane kuja kununua shati?"

"Ungeniambia unataka mahali pa duka."

"Na wewe ungeniuliza nafanya nini siku nzima."

Alisema bila ukali, kama mtu anayesoma orodha. Nilikwenda kuchukua daftari. Nilifungua kurasa za Kizota nikamsukumia. Alisoma yale manne: kelele, vumbi la chuma, watu wengi, maji mabaya. Kidole chake kilisimama kwenye la tatu, kikakaa hapo.

"Hii uliipigia mstari kwa rula?"

"Kwa rula."

Akaanza kucheka, na mimi nikacheka, lakini tuliacha kwa wakati mmoja.

Mtani wangu ndiye aliyetupeleka Kizota. Ile nyumba ya karibu na mashine ilikuwa imeshauzwa. Hatua chache kutoka pale kulikuwa na fremu ya duka ya kupanga, na vyumba viwili nyuma yake. Mke wangu alisimama mlangoni dakika kumi tu, akauliza kodi.

"Shemeji," mtani akamwambia, "huyu alizunguka mji mzima akionja maji. Wewe umenusa pesa mara moja."

"Mwache," mke wangu akasema. "Kila mtu na chupa yake."

Walirudi Manzese kufungasha, wakahama mwisho wa mwaka ule na marobota mawili ya nguo. Walifika Dodoma, kama alivyoahidi. Walifikia Kizota. Duka lenye mali haliachwi bila mtu wa kulala, na shule iliyowapokea watoto ilikuwa upande huo. Nilisema basi na mimi nihamie kule. Mke wangu akauliza bati na milango ya Miyuji italindwa na nani. Nyumba tupu ilikuwa inavuliwa mabati ndani ya wiki, na kuiuza kwa haraka kungekuwa kupoteza nusu yake.

"Kwa muda," alisema.

Tuliishi hivyo kwa muda mrefu kuliko tulivyodhani. Kila siku nikitoka kazini nilipitia nyumbani, nikajaza madumu mawili bombani, nikayafunga kwenye baiskeli, nikaenda Kizota. Chai ya maji ya kule mke wangu hakuiweza, hata baada ya kuzoea vumbi la chuma. Alinipikia nikiwa nimekaa kwenye robota, akawa anainuka katikati ya sentensi kuwapimia watu mashati. Walikuwa wengi. Nilisubiri amalize, naye mara nyingi alisahau tulikuwa tunazungumza nini. Watoto walifanya hesabu za shule juu ya kaunta. Kabla giza halijaingia nilifunga madumu matupu, nikarudi kulinda vyumba vinne.

Kiti alichokiweka getini sikukirudisha mezani. Siku za Jumapili, duka likiwa na wateja wengi wasioweza kuachwa, nilikaa pale na kikombe changu. Nikimwona mtu anakuja kwa mbali, niliinuka mapema, ili afikapo anikute nimeshasimama, tayari kumsalimia.