Gauni Alilojikatia Bi Sharifa

Hebu mwone anavyokuja. Ukungu bado haujaondoka juu ya mabati ya soko la Lushoto, na mwanamke mnene wa makamo anapandisha taratibu kutoka stendi, dera hadi chini, sweta la kijivu juu yake, kamba nyembamba ya katani mkononi. Anasimama mara mbili: mara ya kwanza kupumua, mara ya pili kusalimiwa.

"Shikamoo, fundi!"

"Marahaba, mwanangu."

Huyo ndiye Bi Sharifa, fundi cherehani wa akina mama.

Utaniuliza, fundi gani anapima kwa kamba badala ya futi? Nami nilijiuliza. Anakuzungushia kiunoni, anapiga fundo, nyonga, fundo. Namba hamsomei mtu. Akiwa darasa la sita, siku ya kupimwa sare, fundi alipaza sauti, "Arobaini na moja!" na jina likawa hilo hilo, Arobaini na Moja, mpaka akamaliza shule. "Fundo halina mdomo," husema, na wateja wanampenda kwa hilo.

Ila mwenyewe hakuwahi kujipima. Miaka kumi na tano alivaa madera tu, nguo isiyouliza kiuno kiko wapi.

Sasa ikaja harusi ya Ilham, binti wa dada yake. Sare ikapangwa: kitenge cha zambarau, mshono wa kubana kiuno, mama mdogo asimame mbele pamoja na mama kumtoa bibi harusi.

"Mimi mniweke jikoni, kwenye pilau," akasema.

"Pilau lina wapishi," dada yake akajibu. "Ilham mama mdogo anaye mmoja."

Basi akajikatia gauni lake kwa kukisia. Na jicho lake si la mchezo: akikuona unavuka barabara tu, anajua nguo yako itakula mita ngapi. Siku tatu kabla ya harusi akalivaa, akamwita Jenoveva, muuza vifungo wa kibanda cha pili, mtoto wa mashamba ya chai, mdomo hauna breki.

Jenoveva akamzunguka mara moja.

"Shoga, mwenzio yuko wapi?"

"Mwenzangu nani?"

"Wa kuingia naye humu. Hili gauni la watu wawili!"

Kweli. Mabega yalikuwa yameteremka, kiuno kinaning'inia kama gunia lisilo na viazi.

"Nimekosea kidogo."

"Wewe hukosei, Sharifa. Ulikuwa unamshonea nani?"

Bi Sharifa akakaa kwenye kigoda.

"Huyu ninayemwonaga nikijitazama," akasema.

Jenoveva akachukua kamba. "Simama. Mnene wewe ni mnene, sikudanganyi, na hutakonda kabla ya Jumamosi. Lakini tuupime unene wako, siyo wa mtu tusiyemjua."

Kamba ilipofika nyonga, Bi Sharifa akamshika mkono. "Ngoja. Kalete futi."

"Futi?"

"Halafu usome."

"Kwa sauti?"

"Kwa sauti."

"Hamsini na mbili!"

Muuza karoti wa ng'ambo akageuka. Bi Sharifa akamtazama usoni, mikono bado imeinuliwa. "Umesikia? Haya, na wewe nipimie karoti kilo mbili."

Akafumua, akapunguza, akashona upya. Jumamosi alisimama mbele na dada yake, zambarau imemkaa, unene wote upo na kiuno kinaonekana. Shangazi mmoja alinong'ona, "Kumbe alikuwa na kiuno!" Bi Sharifa alimsikia. Akaendelea kupiga vigelegele.

Vitambaa alivyovitoa ubavuni, vipande viwili virefu, bado viko kwenye droo ya cherehani. Juzi nilimwuliza anavitunzia nini.

"Ni vya yule mwingine," akacheka. "Akija kuvidai, nataka nimwone."

Nami tangu siku hiyo nawaza: wewe ukipewa mkasi leo, ujikatie nguo kwa kukisia tu, utakuwa unamkatia nani?