Zamu ya Maji na Seva ya Mbele

Watoto wa Uru, kwetu Kilimanjaro, wanaoishi Dar es Salaam ndio waliokuwa wakiziangusha seva zangu. Nasema bila kificho, maana asubuhi nyingi niliwatukana kimoyomoyo. Mtu yuko Kimara, feni inampulizia, hajashika jembe tangu amalize shule, lakini akiamka tu lazima afungue ukurasa wa zamu za maji aone mama yake kule mlimani anafungulia mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia, saa ngapi. Akishaona, anafungua tena kuhakikisha. Kisha anampigia simu mama kumpa habari za mfereji unaopita nyuma ya jiko la mama huyo huyo.

Mimi ni fundi wa kompyuta, mwanamke mwenye hasira za karibu, na ofisi yangu ni chumba kimoja Moshi mjini, juu ya duka la pembejeo. Kikundi cha wakulima cha kijijini kwetu kilinipa kazi ya kutunza tovuti yao: bei za kahawa, matangazo, picha za mikutano, na huo ukurasa wa zamu. Katibu wa mfongo alikuwa akiandika zamu za siku asubuhi kwa simu yake. Nyuma ya ukurasa kulikuwa na seva mbili kuukuu zilizokaa ofisini kwangu, na kila mtu alipoufungua zilianza kuutengeneza upya, hata kama jirani yake ameuliza jambo hilo hilo muda mfupi uliopita. Jua la Januari lilipoanza kuchoma, watu wakauliza kwa pamoja, na seva zikazidiwa. Ukurasa ukawa hausongi wala haufunguki, na lawama zote zikanishukia mimi.

Lawama iliyoniuma zaidi haikusemwa. Mama mdogo, mdogo wake mama yangu, alikuwa na kitalu cha miche ya kahawa aliyokiahidi kikundi kwa ajili ya kupandwa masika. Alikuwa hajawahi kuaminiwa kazi kubwa namna ile, na tangu afiwe na mumewe ndiyo iliyokuwa inamtoa kitandani. Kihamba chake, yaani shamba la nyumbani, kiko mkiani mwa mfongo, ambako maji hufika yamechoka. Akikosa zamu yake, ya pili ni wiki ijayo, na mche mchanga kwenye kifuko haujui kungoja wiki. Binti yake aliyeko Dar ndiye aliyekuwa akimsomea zamu kwa simu. Seva zilipoanguka, wote wawili walibaki gizani.

Nikaamua kuweka seva ya tatu mbele ya zile mbili. Niliikodi huko huko Dar, ambako umeme hauchezi kama wetu, na pia ili wasumbufu wakae karibu na msumbuliwa wao. Kazi yake ni kupokea wageni wote mlangoni. Wa kwanza akiuliza zamu, inakwenda kuuliza seva za nyuma, inaleta jibu na kubaki na nakala. Wanaofuata wote wanapewa nakala hiyo, na za nyuma zinapumzika. Hata umeme ukikatika ofisini kwangu, ya mbele inaendelea kugawa ilichonacho.

Nilimweleza mama mdogo kwamba nimechimba nduwa. Nduwa kwetu ni bwawa dogo linalokusanya maji ya mfongo yasipotumika, ili wakati wa haja yatoshe.

"Nduwa ya kwenye kompyuta?" akasema. "Haya. Angalia tu isiote vyura."

Lilibaki swali la nakala ikae muda gani kabla ya kutupwa. Nikawaza: zamu zinaandikwa asubuhi, mara moja tu. Basi ikae siku nzima. Nikawasha, na ukurasa ukaanza kufunguka ukiguswa tu. Simu yangu ikanyamaza. Nilitembea mjini kwa maringo, kama vile nimeushusha mlima kwa mikono yangu. Mtoto wa Uru mzima mimi, nikasahau kwamba msiba hupangua kila kitu.

Mzee mmoja wa juu ya mfongo akafariki. Kwetu, nyumba yenye msiba hupewa maji kwanza, kwa ajili ya kupika na wageni, na wengine husogezwa bila kinyongo. Asubuhi ile katibu akabadilisha zamu: mchana wote maji yaende msibani, na mama mdogo aliyekuwa apate saa nane apewe ya saa tatu. Aliandika vizuri kabisa. Seva za nyuma zikapokea. Ya mbele ikaendelea kugawa nakala ya mapambazuko.

Mama mdogo alikuwa msibani, akimenya ndizi na kina mama wenzake. Msibani watu hawazungumzii zamu za maji, ni aibu. Jirani alipopita na kumnong'oneza kwamba amesikia zamu zimesogezwa, akampigia binti yake.

"Ni saa nane, mama," binti akajibu. "Nimeangalia sasa hivi."

Basi akaendelea kumenya ndizi, na maji yake yakampita. Saa nane alikwenda na jembe kufungulia, akakuta mfongo umekauka.

Katibu alinipigia akifoka kwamba mama mdogo amekosa maji kwa ajili ya ukurasa wangu. Nikafungua ukurasa kwa kupitia nyuma, nikaona zamu mpya. Nikaufungua kwa mbele, nikaona za zamani. Nilijichukia. Niliitupa ile nakala palepale, kisha nikaagiza kwamba kila katibu akibadilisha neno, seva za nyuma ziiamuru ya mbele itupe nakala yake na kuchukua nyingine. Picha za mikutano zikae hata mwaka, hazimdhuru mtu. Nikapanda bodaboda kwenda Uru.

Njiani nilichuma jani la isale, kwa sababu kwetu aliyekosa akija na isale hafukuzwi. Nilimkuta mama mdogo kitaluni. Miche ilikuwa imelegeza shingo. Nikampa jani kwa mikono miwili.

"Mimi hujanikosea," akasema, akinionyesha miche. "Wape hawa." Alikuwa hatanii. Akaniambia binti yake amelia kwenye simu, anasema amemponza mama yake, na hatasoma tena zamu.

Hilo lilinichoma kuliko miche. Nikaenda msibani, nikamtafuta mfiwa katikati ya kina mama.

"Shikamoo, mama. Pole sana kwa msiba."

"Marahaba, mwanangu. Nimeshapoa."

Nilimweleza kwa kifupi, nikiwa nimeinama. Hakuniuliza seva ni nini. Aliuliza miche ni ya nani, kisha akamwita katibu. "Mapipa yamejaa tangu mchana. Maji yanapotea migombani tu. Mpeni huyo mama, marehemu naye alikuwa mtu wa kahawa."

Katibu akaandika pale pale kwa simu yake, na vijana wakaenda kuyageuza. Nikakimbia kurudi kitaluni.

Maji yalifika yakisukuma majani makavu ya mgomba. Mama mdogo alivua kandambili, akaingia katikati na kuanza kuyaelekeza kwenye vifuko kwa jembe, huku akicheka peke yake. Simu yake ikalia. Mikono ilikuwa tope tupu, ikabidi mimi nimshikie sikioni.

"Mama!" Binti alikuwa anahema. "Zamu imebadilika! Nimeona sasa hivi, maji ni yako, kimbia!"

Mama mdogo akatazama maji yaliyomfika kwenye vifundo. Akanitazama mimi, jicho la kuniambia nifunge mdomo.

"Kumbe!" akasema. "Asante, mwanangu. Bila wewe ningejuaje? Ngoja nikachukue jembe."